Maliza Kwanza Kukaanga

Bokrye alikuwa ameshameza ndipo akagundua kwamba amekula.

Alisimama palepale mbele ya jiko la gesi, mwiko mkononi, mdomoni mna ladha ya yai na samaki na chumvi kidogo. Mkono wake wa kushoto, ule usiokuwa na kazi, ulijichukulia kipande kutoka kwenye sinia, ukakitia kinywani, meno yakatafuna, koo likapitisha, na hakuna kiungo hata kimoja kilichomuuliza mwenye mwili. Na kama vile matusi hayo hayatoshi, kipande chenyewe kilikuwa kitamu.

"Yangmi," alisema. "Nimekula."

Mkwewe alikuwa ameketi sakafuni juu ya magazeti yaliyotandazwa, akichovya vipande vya mumunye kwenye unga, kisha kwenye yai. Hakuinua hata kichwa. "Kula tu, Mama. Nani atamaliza sinia nne?"

"Husikii? Nimekula jeon!"

Hapo Yangmi akainua kichwa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika nyumba ile, na kila mwaka, siku moja kabla ya sikukuu ya mavuno ya Chuseok, waliketi wawili hivi wakikaanga jeon, vipande vya samaki, mumunye na tofu, za kuwekewa wafu mezani. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwona mama mkwe wake akionja hata pembe ya kipande. "Lakini wewe si huli, Mama?"

"Sili! Ndiyo maana nakwambia!"

Alizima jiko kwa nguvu mpaka kitufe kikamng'okea mkononi. Akaenda kwenye sinki, akasukutua maji, akatema, akasukutua tena. Ladha haikutoka. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita, na kwa miaka hamsini na mitatu alikuwa amekaanga jeon bila kula hata moja. Ukoo mzima ulijua. Ulijua pia sababu, au ulijitungia: eti tumbo la Bokrye halipatani na mafuta. Hakuna aliyemuuliza.

Kukasirikia kipande cha samaki ni upuuzi, na Bokrye hakuwa mpuuzi. Kilichompandisha mori ni kile kilichotangulia kipande. Tangu ujana wake, harufu ya mafuta ya kwanza yanapopata moto siku ya mkesha ilikuwa ikimkamata kifua kama mtu aliyemshika ukosi. Pumzi inakatika, mikono inapoa, machozi yanakaa tayari. Aliichukia harufu ile kuliko kitu chochote duniani, na kila mwaka aliisubiri. Mwaka huu mafuta yalipata moto, harufu ikapanda, naye akasimama kuisubiri. Kifua kilikaa kimya. Ilikuwa harufu ya chakula, basi. Na tumbo, lile lisilopatana na mafuta, likanguruma.

Alijua wa kumlaumu. Wiki moja kabla, alimsikia daktari akilitamka jambo hilohilo huku akitabasamu.

Mwanawe, Gyucheol, ndiye aliyemwandikisha kwenye utafiti wa chuo kikuu cha mjini. Walitaka wazee wenye afya, na waliwapa blanketi la umeme kama shukrani. Majira ya kuchipua Bokrye alilazwa ndani ya bomba jeupe lililogonga kama mafundi bati kumi, akaonyeshwa picha: mbwa mwenye meno nje, gari lililopondeka, mtu anayelia kando ya kaburi. Halafu picha nyingine: vitoto vinavyocheka, maua, bwana mmoja anakata keki. Baadaye walimketisha kwenye chumba chenye kinasa sauti, wakamwambia asimulie siku moja ya zamani iliyomuumiza. Alisimulia, akanywa chai yao ya shayiri, akarudi nyumbani na blanketi lake.

Siku ya majibu, Daktari Noh, mwanamke mwenye umri wa kuweza kuwa mjukuu wake, alimwekea picha ya ubongo wake mwenyewe kwenye kioo cha kompyuta.

"Ona hapa, Bibi. Hiki kijisehemu kidogo kama lozi. Ndicho kinachopiga kengele tunapoona jambo baya. Kwa vijana, picha za kutisha zinakipigisha kengele kwa nguvu. Kwako, na kwa wazee wengi wazima, kwa picha mbaya kimetulia. Kwa picha nzuri bado kinawaka vizuri tu."

"Kinaumwa?"

"Hapana! Wewe ni mzima kabisa. Ni uzee unavyofanya. Na kumbukumbu nazo zinafuata njia hiyo: machungu yanafifia, mazuri yanabaki. Ni habari njema, Bibi."

"Njema kwa nani?"

Daktari akacheka kidogo, akidhani ni utani. "Kwako wewe. Watu wanapanda milima kwenda hekaluni kutafuta amani hiyo. Wewe umeipata umekaa."

"Mimi niliomba amani? Nani alikiambia hicho kilozi chako kinitafutie amani bila kuniuliza?"

Pengine daktari angeishia hapo, wangeachana kwa heri. Lakini alikuwa mtu mwema, na watu wema hawajui kunyamaza. Akasema hata simulizi la Bibi lenyewe lilikuwa mfano mzuri sana, alilisikiliza akatokwa na machozi. Akabonyeza. Chumba kikajaa sauti ya mwanamke mzee mwenye kikohozi.

"...Mama mkwe wangu alikuwa mkali, sikatai. Lakini siku ile mtoto alipozidiwa, alimfunga mgongoni kwa kile kitambaa chetu cha bluu, akaenda naye mpaka kwa daktari wa sokoni. Kwa miguu. Ndiyo hivyo, hakuwahi. Lakini alimbeba. Alinipenda kwa namna yake, yule mama..."

Bokrye aliomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena.

"Huyu anadanganya," alisema.

Daktari Noh alimtazama kwa upole. "Bibi, huyu ni wewe."

"Najua ni mimi! Ndiyo nasema anadanganya!"

Alitoka bila kuaga. Gyucheol alimfuata hadi kwenye gari akiuliza daktari amesemaje, akajibiwa kwamba daktari amesema mama yake ni mwongo.

Ukweli ulikuwa huu. Mwaka 1966, katika kijiji kilekile, katika kiwanja kilekile ilipojengwa nyumba hii yenye jiko la gesi, Bokrye alizaa binti. Ilikuwa mwezi ambao wanawake wanachimba vitunguu mwitu kwenye kingo za mashamba, vile vyembamba vinavyoitwa dallae, na kwa kuwa hakuna mtu aliyejishughulisha kumpa msichana jina, mama yake akawa anamwita Dallae, kwa kunong'ona. Hawakumwandikisha. Siku zile watu walingoja kwanza waone kama mtoto atakaa, na kwa msichana waliweza kungoja sana. Mama mkwe hakumpelekea mzazi supu ya mwani kitandani, akisema supu hiyo ataipata akizaa mtoto. Mtoto maana yake mvulana.

Dallae alikuwa wa miezi sita mkesha wa Chuseok ulipofika. Alikuwa na homa tangu juzi yake. Asubuhi ile Bokrye alimfunga mgongoni akaanza kukaanga uani, juu ya mfuniko wa sufuria la chuma uliogeuzwa na kupakwa mafuta ya nguruwe. Kabla ya adhuhuri mgongo wake ulikuwa unaungua. Akasimama, akamwambia mama mkwe kwamba anakwenda kwa daktari wa sokoni, kilomita nane.

"Maliza kwanza kukaanga," mama mkwe alisema. "Wafu wa nyumba hii hawamngojei msichana."

Aliyasema hivyo hivyo, kavukavu, huku anachambua majani ya misonobari. Mumewe Bokrye alikuwa pale, akatazama viatu vyake. Bokrye alimlaza mtoto chumbani, akarudi kwenye mfuniko. Akamaliza samaki. Akamaliza mumunye. Akamaliza tofu, akiharakisha mpaka mafuta yakamrukia. Alipoingia chumbani Dallae alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, na alikuwa ameanza kupoa. Jioni mtumishi wa shamba alimviringisha kwenye mkeka wa nyasi akampandisha mlimani. Hawakumwambia mama yake ni wapi. Mtoto mchanga hapewi kaburi, hapewi ibada, hapewi siku. Na mama mkwe, usiku ule kabla ya kulala, alizihesabu jeon kwenye sinia, akasema, "Zimetosha."

Asubuhi Bokrye alisujudu mbele ya meza ile. Aliapa kimoyomoyo kwamba chakula kile hakitapita kooni mwake mpaka afe.

Baadaye alizaa wavulana wawili. Alipewa supu ya mwani mpaka akaichoka. Alimuuguza mama mkwe miaka sita, akamwosha, akamvika sanda, akaanza kumwekea meza kila mwaka. Mume naye akafa bila kuligusa jambo lile. Mwana wa pili akahamia ng'ambo. Picha ya Dallae hapakuwa nayo, karatasi hapakuwa nayo, kilima chenyewe kilikatwa kikapitishwa barabara. Kilichobaki cha mtoto yule duniani kilikuwa kimoja tu, ile hasira. Bokrye aliitunza kama wengine wanavyotunza kaburi, akiipalilia kila mwaka kwa harufu ya mafuta. Sasa hicho kilozi, hicho kidude kisichozidi punje, kimeamua kuachilia, na badala ya mtoto kimemletea bibi kizee wa heri mwenye kitambaa cha bluu mgongoni.

"Mama," Yangmi alisema kutoka sakafuni. Alikuwa ameacha kuchovya. "Kwa nini huli?"

Bokrye aligeuka. Maji yalikuwa bado yanamchuruzika kidevuni. Miaka hamsini na mitatu, na swali lenyewe lilikuwa jepesi hivyo.

Alisimulia amesimama, haraka haraka, kama mtu anayekimbia na yai mkononi. Aliogopa kulidondosha. Homa, mgongo, mfuniko wa sufuria. Alipofika kwenye mlango wa chumba, picha ikamjia bila kuitwa, safi, yenye rangi: mama mkwe anainama, anamfunga mtoto kwa kitambaa cha bluu, anatoka langoni mbiombio. Bokrye alijipiga kichwa kwa kiganja. "Toka! Toka, mwongo wewe!" Akashika ukingo wa sinki, akamalizia. Maliza kwanza kukaanga. Zimetosha.

Yangmi hakusema pole. Uso ulikuwa umemwiva mpaka masikioni. Alisimama, yai likamwagika kwenye magazeti, hakuliangalia. "Alisema hivyo? Kwa mdomo wake? Na mimi miaka ishirini na miwili namkaangia? Namsujudia?" Akaikamata sinia ya samaki kwa mikono miwili. "Hizi zinakwenda kwa mbwa! Leo hii! Na huyo mume wako, Mungu amrehemu, alikuwa anatazama viatu! Viatu! Mwanamume mzima!"

Bokrye alimtazama na kwa mara ya kwanza katika wiki nzima akahisi kitu kifuani. Kilikuwa wivu. Huyu hakuwahi hata kumwona Dallae, na tazama anavyotetemeka. Ile kengele ililia kwake kwa nguvu zote, na kwa mwenyewe ilikuwa imelala.

"Weka sinia chini," alisema. "Washa jiko. Kesho nataka zote nne ziwe mezani, na nataka wawepo wote."

"Mama, mimi siwezi."

"Utaweza. Ila usipoe. Nakuomba hicho tu, mwanangu. Mimi napoa."

Asubuhi ya Chuseok meza ndefu iliwekwa mbele ya kiambaza, sebuleni. Gyucheol alikuwa amevaa suti, anasaga wino. Kazi yake ilikuwa kuandika vikaratasi, kimoja kwa kila mfu wa nyumba, vya kusimamishwa mezani wakati wa ibada na kuchomwa moto ibada ikiisha. Alikuwa amekwishaandika cha babu na cha baba yake, sasa yuko kwenye cha bibi. Peasi, makomamanga, mikate midogo ya mchele iliyopikwa juu ya majani ya misonobari, jeon zimepangwa kwa mistari. Tak Dongpil, mdogo wake marehemu mumewe Bokrye, aliingia na boksi la peasi nyingine na sauti yake kubwa.

"Mama Gyucheol! Naona mwaka huu umezidi. Mama angefurahi!" Akaketi kwenye mto, akapiga magoti yake kwa viganja. Alikuwa na miaka sabini na mitano, mwili kama gunia lililojaa, na kila Chuseok alianza mahali palepale. "Nyinyi watoto hamkumjua mama yetu. Mkali, ndiyo, lakini moyo! Yule mtoto wa kwanza wa mama yenu alipougua, nani alimbeba mgongoni mpaka sokoni? Kilomita nane! Wanawake wa siku hizi..."

"Mwongo."

Neno lilitoka mlango wa jikoni. Yangmi alikuwa amesimama pale na aproni, vijiti vya kupikia mkononi. Hakuna mke wa nyumba ile aliyewahi kukatiza maneno ya wazee mbele ya meza, na kwa kitambo Dongpil alitazama huku na huku kutafuta aliyesema.

"Hakumbeba," Yangmi alisema. "Alisema maliza kwanza kukaanga. Mtoto akafia chumbani, mama anakaanga tofu."

"Gyucheol!" Dongpil alinguruma. "Huyu ni mke wako au ni nani? Mchukue!"

"Mwache aseme," alisema Bokrye. Alikuja taratibu, akaketi mbele ya shemeji yake, goti kwa goti. "Shemeji, mwaka ule wewe ulikuwa wapi?"

"Mwaka gani?"

"Mwaka wa sitini na sita. Ulikuwa jeshini, mpakani. Ulirudi mwaka uliofuata na fangasi ya miguu na redio. Sasa ulimwona wapi mama yako akibeba mtu?"

"Aliniandikia barua," alisema Dongpil, kwa sauti iliyopungua. "Alimwomba mwalimu wa kijiji amwandikie. Aliniambia amembeba mwenyewe." Kisha sauti ikamrudia. "Na wewe! Wewe mwenyewe ulikubali! Mwaka juzi, umekaa hapohapo ulipokaa, nikasema alimbeba, ukasema, 'Ndiyo, shemeji, alimbeba.' Wote walisikia!"

Gyucheol aliinamisha uso, na Bokrye akajua kwamba ni kweli.

Kwa hiyo haikuwa kilozi peke yake. Walisaidiana. Mama mkwe alimdanganya mwanawe kwa kalamu ya mwalimu, mwana akaurudia uongo kila mwaka na peasi mkononi, na ubongo mvivu wa Bokrye ukauokota, kwa kuwa ulikuwa mwepesi kubeba kuliko ukweli. Alijitafuta ndani aone kama atapata ile hasira ya zamani, ile ya kumkata pumzi. Hakuipata. Alimpata tu yule bibi, langoni, anatoka mbio na kitambaa cha bluu, na sasa hata upepo ulikuwa unampepea.

"Nilisema," alijibu. "Na mwakani nitasema tena, maana hata sasa hivi namwona kwa macho yangu. Nikifumba, yule pale, anakimbia. Basi mimi msiniamini. Kichwa changu kimenunuliwa." Akanyoosha kidole kwenye sinia. "Aminini hizo. Dongpil, umekula jeon zangu tangu una meno yote. Uliwahi kuniona nikila?"

"Tumbo lako..."

"Tumbo langu linakula nyama ya nguruwe, linakula mafuta yake, linakula kila kitu mbele ya uso wako! Jeon za Chuseok tu. Tangu mwaka ule. Mwanamke anakaa na njaa mbele ya sinia miaka hamsini na mitatu kwa sababu mama mkwe wake alikuwa na moyo? Jibu!"

Dongpil alitazama mikono yake iliyojaa madoa ya uzee, akaanza kuikunja na kuikunjua. Pengine naye alikuwa anamtafuta mama yake kule ndani, na hakumpata ila yule mmoja, mzuri. Bokrye alimwona, na akakataa kumhurumia.

"Aliitwa nani?" aliuliza Gyucheol.

Bokrye alimgeukia mwanawe. Mwanamume wa miaka hamsini, brashi mkononi, wino unamdondokea suruali ya suti. Hata huyu aliisikia hadithi ile kila mwaka na hakuuliza.

"Dallae."

Gyucheol alichukua karatasi nyingine nyeupe, akailainisha kwa kiganja, akachovya brashi.

"Haiandikwi!" Dongpil aliruka magoti yakalia. "Mtoto mchanga! Msichana! Hata serikalini hajawahi kuandikwa, wewe unamweka meza moja na babu zako? Unataka laana?"

"Ndiyo anaandikwa leo," alisema Gyucheol, na hakuinua kichwa mpaka alipomaliza.

Karatasi ilisimamishwa mwisho wa meza, ndogo, wino haujakauka. Bokrye alisimama. Mbele ya karatasi ya mama mkwe vijiti vya kulia vilikuwa vimelazwa juu ya sahani ya jeon, tayari, ili mfu ale kwanza. Alivichukua. Aliviweka mbele ya Dallae, akamsogezea na sahani yenyewe, akamwachia mama mkwe chai na peasi. Dongpil alitoka nje. Walimsikia uani akihangaika na kiberiti, akajaribu mara tatu kuwasha sigara, na hawakumwita. Ibada ilifanyika bila yeye. Yangmi hakusujudu mpaka zamu ya karatasi ndogo ilipofika.

Ilipokwisha, Gyucheol alikusanya karatasi kwenye bakuli la shaba, akatoka nazo mlangoni kuzichoma, kama ilivyo desturi. Ya babu ikaungua. Ya baba yake ikaungua. Ya bibi ikajikunja, ikaungua. Mkono wake ukaenda kwenye ya nne bila kufikiri, na Bokrye, ambaye kwa kawaida huhitaji kiti ili ainuke, alifika pale kabla ya kiberiti.

"Hii haichomwi!"

Aliikwapua. Akaenda nayo jikoni, akaibandika kwenye friji kwa sumaku yenye umbo la kaa, juu ya ratiba ya takataka na kadi ya miadi ya Daktari Noh. Kisha akamwita Yangmi na kalamu.

"Andika chini ya jina. Maandishi makubwa, macho yangu hayaoni." Akamtamkia, polepole, neno kwa neno, na alipofika kwenye maneno ya mama mkwe akafumba macho, yule bibi wa langoni akatokea tena, naye akaendelea kutamka juu yake. "Umeandika?"

"Nimeandika, Mama."

"Nikianza kumsifu bibi yenu, nisomeeni hii. Nikisema sikumbuki, someni tena. Siku nitakayokaa hapo na tabasamu la kijinga niwaambie alimbeba mgongoni, someni kwa sauti mpaka niache kutabasamu. Msinihurumie."

"Na ukilia? Ukiumia?"

"Ndiyo kazi yake hiyo. Sasa soma, tujaribu."

Yangmi alisimama mbele ya friji, akasafisha koo. "Dallae, binti wa Bokrye. Aliishi miezi sita. Alikuwa na homa mkesha wa Chuseok, mwaka 1966. Mama yake alitaka kumpeleka kwa daktari. Bibi yake akasema, maliza kwanza kukaanga. Alikufa peke yake chumbani. Bibi yake akazihesabu jeon, akasema zimetosha."

Bokrye alikaa kwenye kiti, mikono magotini, akisikiliza ndani ya kifua chake. Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu, mbali sana, kitu kikamgusa ukosi.

"Tena," alisema.